Kifungu cha Tisa

Jumamosi, 9 Machi 1996

Nimepewa daftari hili niandikie mambo ya ligi. Kurasa ni nyingi kuliko mambo yenyewe, kwa hivyo nyuma yake nitaandika yangu, na asiyeitwa asisome.

Leo nimechaguliwa katibu. Sikuomba. Mkutano ulifanyika katika darasa langu la chekechea hapa Ekero, wanaume wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, na walipotafuta mtu ambaye mwandiko wake unasomeka wote wakanigeukia. Mpira siujui. Ninachojua ni kufua jezi ya golikipa, kwa sababu golikipa wa Panga ni mume wangu, Mukoya, baba yake Mitchel.

Timu ni sita. Panga ni wakata miwa wa hapa kwetu. Trela ni madereva wa trekta za kubeba miwa, wa Mumias. Reli ni wa Butere, kule njia ya gari moshi inakokomea. Tatu zilizobaki, Mungu anisamehe, zipo za kujaza ratiba. Mwenyekiti ni Mzee Rajabu Shiundu wa Mumias, karani mstaafu ambaye anaijua redio yake kuliko anavyowajua wajukuu wake.

"Assalaam aleikum, binti yangu," akaniambia. "Hii ligi tutaiendesha kama Ulaya. Huko mtu haendangi mashindano juu ya kujuana na mtu. Anafuzu."

Akanieleza wanavyofuzu. Bingwa wa ligi ya nchi anaingia Kombe la Mabingwa. Aliyechukua kombe la nchi yake anaingia Kombe la Washindi. Wanaomfuata bingwa kwenye jedwali la ligi wanapewa Kombe la UEFA. Sisi hatuna la UEFA. Tuna nafasi mbili tu kwenye mashindano ya Kisumu mwezi wa nane: moja ya bingwa wa ligi, moja ya bingwa wa kombe. Nimeziandika kanuni, vifungu vinane, kwa wino wa buluu.

Jumapili, 10 Machi

Baba Mitchel amenifanya nimsomee kanuni mara mbili, kama Zaburi. Namwelewa. Kila Agosti kocha wa timu ya kampuni moja ya Nairobi huja Kisumu kutafuta wachezaji. Akikuchagua unaandikwa kazi ya kampuni, na jioni unacheza mpira wao. Mwaka juzi alimchukua kiungo wa Trela, sasa ni mtunza stoo na amenenepa. Mwaka huu anatafuta golikipa.

Baba Mitchel ana miaka ishirini na tisa na mgongo wa mzee. Akitoka kukata miwa huinama mlangoni hata pasipo haja ya kuinama. Mwaka ujao atakuwa na thelathini, na golikipa wa thelathini hakuna anayemtafuta. Ni mwaka huu au basi.

Jumamosi, 16 Machi

Ligi imeanza. Panga wameshinda. Mpira umepotelea kwenye shamba la miwa mara saba.

Jumamosi, 30 Machi

Nimegundua mahali sabuni yangu inapoishia. Kabla ya mechi Baba Mitchel humenya muwa, akaukamua kwenye viganja, akapaka juu yake masizi ya miwa iliyochomwa. Mikono inanata kama ulimbo, na kuisafisha jioni kunamaliza kipande kizima. Leo alidaka mpira mmoja kwa mkono wa kushoto peke yake, uwanja mzima ukaguna. Nami niliguna, ingawa katibu hatakiwi.

Kocha wao, Wanyama, ni nyapara wa wakata miwa, na hunuka pombe ya busaa kuanzia saa nne asubuhi. Simpendi mtu huyu. Sijui mume wangu anamheshimia nini.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua. Darasani tuliimba tu, hatukusikiana.

Nimekosea, darasani ilikuwa Ijumaa. Leo ni kanisani hatukusikiana.

Jumapili, 12 Mei

Mzee Shiundu amekuja kwa baiskeli kutoka Mumias, kwenye matope, kwa ajili ya habari ya redioni. Jana huko Uingereza Manchester United wamewafunga Liverpool bao moja kwenye fainali ya kombe, na ligi walikwisha kuichukua Jumapili iliyopita. Wamebeba vyote viwili. Sasa nani aende Kombe la Washindi?

"Liverpool!" akasema, akapiga meza chai ikamwagika. "Mwenye kushindwa fainali! Juu yule mshindi ako na nafasi yake ya ligi tayari. Sisi hatukuandika hiyo, binti yangu. Kwetu ikitokea tutapigana mapanga."

Kwa hivyo nimeandika kifungu cha tisa: *Timu moja ikichukua ligi na kombe, nafasi ya kombe itapewa timu iliyoshindwa katika fainali.* Ni sentensi nzuri. Nimeisoma kwa sauti nikajisifu.

Jumamosi, 18 Mei

Manahodha wote sita wametia sahihi kifungu cha tisa bila kukisoma. Mechi ya Panga na Trela haikuchezwa. Refa aliudondosha mpira katikati ya uwanja ukaelea.

Jumamosi, 8 Juni

Panga na Trela, mara ya pili, haikuchezwa. Mvua ilianza saa saba, na saa nane bata wa mama mkwe walikuwa langoni. Mzee Shiundu amesema itachezwa tarehe kumi na tatu Julai, baada ya fainali ya kombe. Hakuna aliyepinga. Nimeandika tarehe.

Jumamosi, 15 Juni

Panga wameingia fainali ya kombe! Mama mkwe amechinja kuku, ingokho mzima. Baba Mitchel amekula firigisi kama bwana harusi, na Mitchel amepanda mgongoni mwake wala hakulalamika mgongo.

Jumamosi, 29 Juni

Fainali ya kombe: Trela 1, Panga 0.

Ilikuwa penalti, dakika ya sabini. Baba Mitchel aliruka upande wenyewe, akaugusa, ukampita kwenye ncha za vidole. Baada ya filimbi alikaa chini ya mwamba wa goli, amefunika uso kwa ile mikono myeusi. Nilikaa naye nyumbani hadi chai ikapoa. Akasema, "Mama Mitchel, basi ni miwa." Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake.

Nimelia naye. Mpira ni kitu cha kijinga sana.

Jumatano, 3 Julai

Ole wangu na akili zangu.

Nilikuwa nasahihisha jedwali la ligi. Reli wamemaliza mechi zao zote, pointi ishirini na moja. Trela wana kumi na tisa na mechi moja imebaki, ile dhidi ya Panga iliyoharibiwa na mvua. Panga wana kumi na nne, ligi haiwahusu tena. Trela wakishinda watakuwa na ishirini na mbili, ni mabingwa. Wakitoka sare au wakifungwa, Reli ni mabingwa.

Kisha nikaona. Trela wakiwa mabingwa wa ligi, na kombe wanalo, kifungu cha tisa kinaamka. Nafasi ya kombe inaenda kwa walioshindwa fainali. Panga!

Nilicheka peke yangu. Wakati wa chakula nikamwambia kwa utani, huku nikimkatia obusuma, ugali wetu: "Baba Mitchel, unajua nyinyi mkifungwa na Trela mnaenda Kisumu? Na mkishinda mnabaki nyumbani."

Aliniambia nirudie. Nikarudia, sasa bila kucheka. Akaniambia nilete kanuni, akaweka kidole chini ya kila neno la kifungu cha tisa. Hakula tena.

Jumamosi, 6 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Shiundu kumwambia kifungu kina shimo. Timu haiwezi kupewa sababu ya kutaka kufungwa. Nilimchorea jedwali. Alilitazama muda mrefu, na nikaona ameelewa, na nikaona kuelewa kwenyewe hakutaki.

"Binti yangu, kanuni imetumika Ulaya, imetumika kwa Liverpool. Leo sisi watu ya Ekero na Mumias ndio tutairekebisha?"

"Lakini, Mzee, Ulaya hawakucheza mechi ya ligi baada ya fainali. Ni mvua yetu imepindua."

"Basi laumu mvua. Manahodha walitia sahihi."

Nilirudi kwa miguu. Kama ningekuwa mtu mzuri zaidi ningekwenda Butere kuwaambia Reli. Sikwenda.

Jumatatu, 8 Julai

 Baba Mitchel amekata miwa kutwa, amerudi, amelala.

Alhamisi, 11 Julai

Wanyama amekuja darasani watoto wakinywa uji. Nilingoja harufu ya busaa, haikuwepo. Alivua kofia.

"Mwalimu, mume wako ameniambia hiyo kifungu yako. Akaniuliza niambie vijana wacheze pole. Nimemwambia hapana, na asipeleke hiyo maneno kwa wenzake."

"Hutaki kwenda Kisumu, Kochi?"

"Nataka sana. Lakini sikia. Mimi ni nyapara miaka kumi na tano. Nimedanganya wakubwa, nimedanganya wakata miwa, bibi yangu nimemdanganya hata leo asubuhi. Kwa mpira sijadanganyanga mtu. Nimeachia hapo pahali pamoja pasafi."

Akavaa kofia akaenda zake. Nilikaa na kijiko cha uji mkononi. Miezi minne nimemwita mlevi katika daftari hili.

Jioni nilimuuliza Baba Mitchel. "Nimemsikia Kochi," akasema. Hakusema atafanya nini, nami sikuuliza zaidi.

Jumamosi, 13 Julai

Ameosha mikono. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililoliona kwanza.

Asubuhi alitoa karai nje, akachukua sabuni ya kufulia, akasugua viganja hadi chini ya kucha. Nilikuwa mlangoni na uji wa Mitchel.

"Na muwa?" nikauliza.

"Leo sihitaji."

Hapo ndipo ningesema neno. Nilisema, "Haya." Nilitaka Kisumu pia. Nilitaka nyumba ya kampuni na mume asiyeinama mlangoni. Lazima niandike ukweli, la sivyo daftari hili litupwe jikoni.

Meza ya katibu iko pembeni, kwenye mstari wa katikati. Mechi ilipoanza mtu mmoja alikuja, viatu vyake vilikuwa safi mahali ambapo sote tulikuwa na matope, akaomba kuona orodha ya wachezaji. Nilimpa kiti na soda. Alisema anaitwa Kibiwott. Alifungua kijitabu akaandika *1, Mukoya*.

Niliijua kazi yake kabla hajaitaja. Ni yule kocha wa Nairobi.

"Si nyinyi huja Kisumu, mwezi wa nane?" nikamuuliza.

"Kisumu kila golikipa anajikaza, anajua naangaliwa. Mimi napenda kumwona mtu kwa mechi ambayo haina faida kwake. Huyu nimesikia habari yake tangu mwaka jana. Panga leo hawana cha kupata, sivyo?"

"Hawana," nikasema. 

Kipindi cha kwanza Trela walipiga nje kila shuti. Nahodha wa Reli, Kipkemboi, alikuwa amekuja kutoka Butere na wenzake wanane, wamesimama upande wa pili chini ya mvua, na kila mpira ukitoka nje walipiga makofi. Vijana wa Panga walicheza kama watu waliotukaniwa mama. Wanyama aliwapigia kelele mpaka sauti ikakauka. Hakuna hata mmoja wao aliyejua.

Wakati wa mapumziko nilitaka kwenda kwa Baba Mitchel. Refa alikuwa mezani kwangu akitaka karatasi ya mabadiliko, na Mzee Shiundu akitaka mwavuli, na nilipoinua kichwa timu zilikuwa zimerudi uwanjani, yeye goli la mbali.

Dakika ya sitini krosi ilipigwa juu, na mwili wake ukasahau alichokusudia. Alitoka, akaruka juu ya watu watatu, akaudaka. Kwa mikono mitupu, katika mvua. Kibiwott akaandika kitu, akakipigia mstari chini.

Nikasimama. Nikavua kitambaa cha kichwa nikakipunga kwa mikono miwili, kichwa wazi mbele ya watu wote. Mzee Shiundu akaniambia, "Katibu, keti." Baba Mitchel aliniona. Alidhani namshangilia. Akanipungia mkono.

Dakika ya themanini na nne, bado sare, mmoja wa Trela akapiga kutoka mbali, shuti la mtu aliyechoka. Mpira ukabiringika kwenye matope, polepole, hata Mitchel angeushika. Baba Mitchel akapiga goti, mikono ikaenda mahali pake. Kisha viganja vikafunguka.

Trela walishangilia. Beki mmoja wa Panga alilala chini akapiga matope kwa ngumi. Kibiwott hakukasirika. Alitazama tu, kisha akalikata lile jina.

"Mvua," nikasema. "Ameteleza."

"Mvua inanyeshea magolikipa wawili, Mwalimu. Nimeona mikono yake." Akafunga kijitabu.

"Utamwona tena Kisumu?"

"Kisumu siendi mwaka huu. Nilikuwa nataka mmoja tu, na ni yeye nilimfuata hapa." Akaweka chupa mezani vizuri. "Asante kwa soda." Aliondoka kabla ya filimbi ya mwisho.

Baada ya filimbi Kipkemboi wa Reli alikuja mezani, maji yakimtiririka usoni. Hakunifokea. Laiti angenifokea.

"Mwalimu, karatasi ya mechi iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema.

"Kama umesema iko sawa, basi. Sisi tunakuaminia." Akanipa mkono, akawakusanya wenzake.

Mzee Shiundu akasimama juu ya kiti akasoma kifungu cha tisa kwa sauti ya redio. Panga hawakuelewa. Akasoma tena. Walipoelewa wakapiga mayowe, wakambeba Baba Mitchel juu mabegani, yule yule waliyekuwa wakimlaani, na Mzee akapaza sauti, "Kama Ulaya! Kama Ulaya kabisa!" Wanyama peke yake hakuja. Aliokota makoti ya vijana moja moja, akayakung'uta matope, akayapanga kwenye benchi.

Jumapili, 14 Julai

Sijamwambia. Nilifungua mdomo mara tatu.

Jumanne, 16 Julai

Nani aliandika kifungu? Mimi. Nani alimwambia? Mimi, tena huku nacheka. Nani alimwona akiosha mikono akanyamaza? Nikimwambia kwamba kocha alikuja, nitakuwa nimemwambia pia kwamba nilikuwa nimekaa naye.

Jumamosi, 20 Julai

Wanyama ameniletea filimbi yake, imefungwa kwenye leso.

"Nipelekee Mzee. Atafute mtu wa kwenda na hawa vijana Kisumu."

"Umemwambia Mukoya?"

"Nimwambie nini? Yeye anajua, na mimi najua. Kwa shamba bado tunasalimiana." Akanitazama. "Wewe pole, Mwalimu. Uliandika tu."

Sikustahili hiyo pole, nami nilitamani kumwambia. Niliichukua filimbi.

Jumatano, 24 Julai

Mvua imekatika. Wanachoma miwa upande wa Mumias, masizi yameangukia nguo nilizoanika.

Ijumaa, 2 Agosti

Kesho asubuhi wanaondoka. Nimeandika orodha ya wachezaji wa Panga, nakala tatu, jina lake likiwa la kwanza.

Amekuwa mtu mwingine wiki hizi tatu. Anacheka, anamrusha Mitchel juu, anaingia mlangoni bila kuinama. Juzi aliniambia, akinitazama machoni, "Ile siku nilifanya kitu kibaya, Mama Mitchel. Najua. Lakini ni mara moja, na Kisumu nitalipa. Kisumu hakuna mpira utanipita." Namwamini. Ndiyo sababu sikuweza kula.

Jioni alikwenda mwenyewe shambani. Alichagua muwa muda mrefu, akaubonyeza, akaunusa, akakata kipande cha kutosha mechi tatu. Masizi ameyaweka kwenye kopo la kahawa. Amefunga vyote kwa gazeti, akaniletea niweke kwenye mkoba juu ya jezi, visije vikapondeka.

"Huyo kocha akiniona mara moja tu," akasema. "Unafikiri atakuja?"

Nikamwambia atakuja, nikafunga zipu ya mkoba.